Mwanamke Aliye kwenye Riale



Juma hili nilikusudia kuwaandikia juu ya jambo jingine kabisa. Lakini Jumatatu, baada ya Misa ya asubuhi, alinijia bibi mmoja wa hapa kwetu Amani, na tangu saa ile sikuweza kufikiri jambo jingine. Ameniruhusu nilisimulie neno lake, mradi nisimtaje jina, kwa kuwa, kama alivyosema mwenyewe, “watu wa mlimani wana midomo.”

Mvua ilikuwa ikinyesha kwa namna tuijuayo, na ukungu umeshuka hata mlango wa kanisa hauonekani kutoka nyumba ya mapadre. Nilimwamkia, “Shikamoo, Bibi.” Akaitikia, “Marahaba, Baba Paroko,” akakaa, akapumzika kidogo, kisha akafungua pindo la kanga yake taratibu, fundo moja baada ya jingine. Kilichotoka humo kilikuwa kipande kikubwa cha fedha, kipana kuliko sarafu yoyote tuitumiayo siku hizi, kizito mkononi, kimeshika weusi wa miaka mingi. Karibu na ukingo kilikuwa kimetobolewa tundu, na ndani ya tundu umepitishwa uzi. Upande mmoja palikuwa na tai mwenye vichwa viwili. Upande wa pili palikuwa na mwanamke mnene wa uso, amejifunika shela kichwani.

“Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, Baba,” akasema. “Huyu ni Bikira Maria au ni Mtakatifu Teresia?”

Akanieleza. Alikipata kwa mama yake, naye mama alikipata kwa bibi yake aliyeolewa huku mlimani akitokea Pangani, siku hizo watu wakipanda Usambara kwa miguu. Tangu utoto wake alifahamu kwamba yule ni Bikira, kwa sababu ya shela. Amekivaa shingoni alipojifungua watoto wake saba. Amekishika usiku alipomzika mmoja wao. Ubishi ulizuka juzi tu, mjukuu wake alipokisugua kidogo kwa kidole akasoma herufi, akasema, “Bibi, hapa pameandikwa Theresia.” Nyumba ikagawanyika, wengine wakawa upande wa Bikira, wengine upande wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu.

Kabla sijajibu akaongeza neno lililonichoma. “Wewe mwenyewe ulikibariki, Baba. Mwezi wa Rozari, mwaka ule.”

Sikumbuki, lakini ninaamini. Mwezi wa Rozari hujaa mikono mbele ya altare: rozari, medali, picha, chupa za maji. Padre huinua mkono, husema maneno, hunyunyiza, huendelea. Mimi ambaye kila mwaka ninawahubiria ile Injili ambamo Bwana wetu anaonyeshwa dinari na kuuliza sura iliyo juu yake ni ya nani, nilipita mbele ya sarafu ya bibi huyu nisiulize.

Nikawasha taa, nikaisoma. Kilatini cha seminari kilinifaa kwa mara nyingine. Maandishi yanayozunguka kichwa yamekatwa katwa, lakini yanasomeka: M. Theresia, kwa neema ya Mungu, mtawala wa Warumi, malkia wa Hungaria na Bohemia. Upande wa tai upo mwaka: 1780. Huo mwaka peke yake ulimaliza ubishi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, kwa kuwa yeye alizaliwa 1873. Na Bikira hakupata kuwa malkia wa Hungaria kwa namna hii, ingawa Wahungaria wenyewe humwita hivyo kwa ibada.

Kilichokuwa mkononi mwangu kilikuwa riale. Wazee wa pwani wanalijua jina hilo hata kama hawajapata kuiona. Ni dola ya Maria Theresa wa Austria, sarafu ya gramu 28 na ushei, ambayo karibu sehemu tano kati ya sita ni fedha halisi. Malkia huyo alifariki mwaka huohuo wa 1780, lakini biashara haikumruhusu afe. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu, Uhabeshi, Oman na pwani yetu walikuwa wamemzoea, wakakataa sarafu yenye sura nyingine au mwaka mwingine. Basi viwanda vikaendelea kupiga chapa ileile, mwaka uleule wa kifo chake, kwa zaidi ya karne mbili. Vienna walipiga. Baadaye, katika karne ya 20, walipiga Roma, London, Paris, Brussels na hata Bombay. Watu waliokuwa hawajui kusoma walihesabu lulu za bizimu begani mwake ili kujua kama riale ni ya kweli. Katika karne ya 19 mahesabu ya forodha ya Unguja yalifanywa kwa dola hiyo, na misafara iliyotoka Pangani kwenda bara iliijua. Sultani Barghash alipopiga riale yake mwenyewe mwaka 1882, hakuweka sura ya mtu, bali maandishi. Wajerumani nao wakaleta rupia yenye Kaizari aliyevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake, na bila shaka kwa rupia hizo walilipwa baadhi ya wazee wetu waliofyeka na kulima mashamba ya majaribio ya Taasisi ya Amani iliyoanzishwa mwaka 1902.

Kwa hiyo huenda sura ya kwanza ya mwanamke iliyopanda milima hii ndani ya mifuko ya wafanyabiashara ilikuwa ya mama huyo wa Vienna, naye hakuna aliyemjua. Walijua fedha yake.

Nilimwambia bibi ukweli wote, kwa upole nilioweza. Alinyamaza muda mrefu. Mvua ilisikika juu ya bati. Kisha akauliza, “Kwa hiyo miaka yote hiyo nilikuwa naomba kwa mke wa Kizungu?”

Nilimjibu kwamba aliomba kwa yule aliyemkusudia, wala sala haipotei njia kwa sababu ya chuma. Hilo ninalishika. Lakini swali lake la pili sikulitazamia.

“Alikuwa mwema?”

Ni swali ambalo hatuulizi tunapoona sura kwenye sarafu. Tunauliza thamani, tunauliza mwaka. Nilimweleza ninayoyajua. Kwamba Maria Theresa alirithi utawala mwaka 1740 akiwa na miaka 23, na wafalme jirani wakamvamia mara moja, baadhi yao wakidai kwamba mwanamke hana haki ya kurithi. Kwamba alizaa watoto 16, akazika kadhaa wao wakingali wadogo. Hapo bibi alitikisa kichwa, akaangalia sura ile upya. Kwamba shela ile ni ya ujane: mumewe alifariki mwaka 1765, naye akavaa nguo za msiba mpaka mwisho wa maisha yake. Kwamba mwaka 1774 alitoa sheria ya shule kwa watoto wote, wa kike na wa kiume, na mwaka 1776 alipiga marufuku mateso katika kesi. Lakini pia kwamba mwaka 1744 aliamuru Wayahudi wafukuzwe Prague katikati ya majira ya baridi, na kwamba hilo lilikuwa dhambi, hata kama mtendaji alikuwa Mkatoliki wa kusali kila siku. Miaka michache baadaye aliwaruhusu kurudi.

Jambo moja nilisita kulisema, nikalisema. Riale zilizozunguka Pangani hazikununua pembe za ndovu tu. Zilinunua watu. Ipi ilinunua nini, hakuna awezaye kujua. Bibi alikigeuza kipande kile, akatazama upande wa tai, akakigeuza tena.

Akasema, “Basi huyu ni mtu kama sisi.”

*

Ndugu zangu, tangu siku ile nimekuwa nikifikiri juu ya wanawake na sarafu kuliko inavyompasa paroko. Nilimwaga sarafu za kapu la sadaka mezani nikazitazama moja moja. Sarafu za kwanza za Tanzania, za mwaka 1966, zilikuwa na Mwalimu Nyerere upande mmoja, na upande wa pili samaki, mbuni, sungura na mwenge. Wakaja Mzee Mwinyi na Mzee Karume. Sarafu ya shilingi 500 iliyotoka mwaka 2014 ina Karume na nyati. Sijaona mwanamke hata mmoja mwenye jina. Jike nililoliona ni kifaru wa shilingi 50, amesimama na mtoto wake. Ninampenda kifaru huyo, lakini nadhani mnanielewa.

Kabla ya Uhuru wanawake walikuwepo, ila walikuwa wa mbali. Malkia Victoria alitokea kwenye pesa zilizopigwa kwa ajili ya Mombasa na nchi jirani miaka ya 1897 hadi 1899. Malkia Elizabeth alitokea kwenye nusu shilingi ya Afrika Mashariki tangu 1954, mwaka uleule TANU ilipozaliwa. Wote wawili waliwekwa pale kwa sababu walivaa taji. Vivyo hivyo Maria Theresa. Sarafu kwa kawaida yake haiulizi swali la bibi.

Ndiyo maana nilivutiwa na habari nyingine. Sista mmoja aliyerudi kutoka masomoni Marekani aliniachia robo dola mbili, naye alizipata kama chenji dukani, si kwa kununua. Mwaka 2022 hadi 2025 nchi hiyo ilitoa sarafu za senti 25 zenye wanawake 20, watano kila mwaka, wote marehemu, kwa kuwa sheria ilikataza kumweka aliye hai. Moja ya zile mbili ina Maya Angelou, mshairi, amenyoosha mikono. Nyingine ina Bessie Coleman, binti mweusi wa Texas ambaye hakuna shule ya urubani kwao iliyokubali kumpokea. Akajifunza Kifaransa, akavuka bahari, akapata leseni Ufaransa mwaka 1921.

Nikageuza upande wa George Washington, nikidhani huko hakuna habari. Ipo. Sura ile ilichongwa na mwanamke, Laura Gardin Fraser. Alishiriki mashindano ya kuchora sarafu ya mwaka 1932, kamati ikampendekeza yeye, lakini waziri wa fedha akachagua mchoro wa mwanamume. Fraser alifariki mwaka 1966. Mchoro wake ulitumika kwenye robo dola hizo kuanzia mwaka 2022, miaka tisini baada ya kukataliwa.

India nao, ambao wanalijua jina la mwanamke mtakatifu, walitoa sarafu za rupia 5: mwaka 2009 kwa ajili ya Mtakatifu Alphonsa, mtawa wa Kerala aliyetangazwa mtakatifu mwaka uliotangulia, na mwaka 2010 kwa ajili ya Mama Teresa wa Kolkata. Jirani zetu wa Kenya walichukua njia nyingine. Katiba yao ya mwaka 2010 inakataza picha ya mtu yeyote kwenye noti na sarafu, kwa hiyo sarafu zao za mwaka 2018 zina twiga, kifaru, simba na tembo. Hata Wangari Maathai, pamoja na nishani yake ya Nobel ya mwaka 2004, hana nafasi pale. Kuna hekima katika uamuzi ule, kwa watu waliochoka kumwona kiongozi mfukoni kila wanaponunua mkate. Lakini sisi hatukuchagua hivyo. Sisi tumekubali sura za watu, kisha tumekubali za wanaume peke yao.

Nilipomwuliza bibi, kama ni yeye wa kuchagua, angemweka nani, hakufikiri hata dakika moja. “Titi,” alisema. Mama yake alikuwa akilitaja jina hilo jikoni.

Kwa vijana wasiojua: Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926, akawa mwimbaji wa ngoma ya lelemama. TANU ilipomkabidhi kazi ya kuwaandikisha wanawake mwaka 1955, alipita katika vikundi vya ngoma, mahali ambapo wanawake walikuwa tayari wamekusanyika na kuaminiana, na katika muda wa miezi michache maelfu wakachukua kadi. Wanaume wengi wa wakati ule waliogopa kazi zao serikalini. Wanawake wale, wapishi wa vitumbua na wauza pombe, hawakuwa na kazi serikalini za kupoteza. Mwaka 1969 alikamatwa kwa shtaka la uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, akaachiwa mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais. Alifariki Johannesburg Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na wengi wanaoipita kila siku hawawezi kusema alifanya nini.

Mimi ningemwongeza Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, akapewa jina la Mtumwa, akauza vyungu vya mama yake mjini kabla sauti yake haijajulikana. Mwaka 1928 alivuka kwenda Bombay, nyimbo zake zikarekodiwa kwenye santuri, jambo ambalo halikuwa limefanywa na mwanamke wa pwani hii. Alifariki mwaka 1950. Tunayajua maisha yake kwa sababu mtu wa Tanga, Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, alikaa akaandika wasifu wake. Riale zilimnunua mtu, na mtu mwenye jina la Mtumwa akaja kuwa Siti. Ningependa kuiona sura yake kwenye shilingi mia, si kwenye ile sarafu ya fedha inayowekwa ndani ya kijisanduku cha mahameli na kununuliwa na mkusanyaji mwenye nafasi. Iwe ile ya kununulia chumvi, inayochakaa, inayoanguka chini ya kitanda ikatafutwa kwa taa na ufagio, kama drakma ya yule mwanamke wa Injili ya Luka, ambaye naye hatukuambiwa jina.

Ila ninajionya mwenyewe. Maria Theresa alipigwa chapa mara mamilioni, akapita mikononi mwa watu kutoka Vienna mpaka Usambara, na hapa kwetu aligeuka Bikira. Bibi Titi ana barabara nzima. Chuma na kibao vinashika sura na jina, lakini jikoni kwa mama wa bibi huyu ndiko Titi alikokuwa hai.

*

Sasa nirudi kwenye shida iliyomleta bibi, kwa kuwa hakuja kwa ajili ya ubishi tu. Mjukuu yuleyule aliyesoma herufi amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, na ada ilikuwa imepungua. Mtu mmoja apitaye vijijini akinunua vitu vya kale alimwahidi bibi shilingi 15,000 kwa kipande kile. Bibi hakuogopa kukiuza. Aliogopa kumuuza Bikira Maria. Ndiyo sababu alitaka kujua ni nani.

Siku ya Jumanne nilishuka Tanga kwa shughuli za jimbo, nikamwonyesha sonara ninayemwamini. Alikipima akasema fedha iliyomo peke yake ni zaidi ya mara nne ya bei ile. Akaniambia pia kwamba kwa wakusanyaji tundu lile limekipunguzia hadhi, na kwamba riale zilizopigwa baadaye ni nyingi mno duniani kuwa adimu. Kwa hiyo si hazina. Ingeziba pengo la ada, isingelipa muhula mzima.

Jumatano bibi akaja na binti mwenyewe. Nikawaeleza bei ya sonara na ushauri wake. Binti akasema, “Bibi, usiuze. Tundu hilo ulizalia nalo watoto saba.” Bibi akamwambia anyamaze, mambo ya ada si ya watoto. Walibishana mbele yangu kwa Kisambaa, haraka kuliko ninavyoweza kufuata. Mwishowe iliamuliwa kwamba mjomba mtu auze karafuu zake sasa bila kungoja bei ipande, na riale ibaki kama akiba, binti akikwama mwaka wa pili. Bibi alitia uzi mpya. Hakuniomba niibariki tena, nami sikujitolea.

Alipokuwa mlangoni aligeuka akaniuliza, “Yule Theresia, watoto wake aliowazika, alizika wangapi?” Nikamjibu kwamba kati ya kumi na sita, kumi walifikia utu uzima. Akahesabu kwa vidole, akaaga.

Kwa wale wenye vipande vya namna hii nyumbani, na ninajua mpo, hasa ninyi wenye asili ya Pangani na Mkwaja: msivisugue kwa majivu wala mchanga, maana mnaondoa thamani pamoja na weusi. Msimuuzie mpita njia kabla sonara hajapima. Na kama kuna sura juu yake, nileteeni tuisome pamoja. Nipo kila Jumanne na Alhamisi baada ya Misa ya asubuhi.

Niwatakie Dominika njema.

Paroko wenu